CT na MRI: ipi ni ipi, na zilitoka wapi

Watu wengi wanazichanganya mashine hizi mbili za kupiga picha ndani ya mwili kwa sababu zote unalala unaingizwa kwenye tundu, lakini ndani yake ni vitu tofauti kabisa. CT ni mtoto wa eksirei ile ya mwanafizikia Mjerumani Röntgen ya 1895, ila hapa mashine inakuzunguka inapiga kutoka pande nyingi halafu kompyuta inaunganisha vipande. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI pale Uingereza ndo aliitengeneza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London Oktoba 1971, mama aliyehisiwa ana uvimbe kwenye ubongo, na kweli ukaonekana. Hesabu za kuunganisha vipande hivyo mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuziwaza akiwa Cape Town, wote wakapewa Nobel 1979.

MRI haitumii mionzi ya eksirei kabisa. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio yanayochezea haidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili wako, mwanakemia Mmarekani Paul Lauterbur alichapisha picha ya njia hii 1973, na 1977 daktari Mmarekani Raymond Damadian na wenzake walikaa karibu masaa matano kupata picha moja ya kifua!

Mi kwa ajali ya kichwa nasema CT, sekunde tu daktari anaona damu imevujia wapi. Mgongo, goti, mishipa ya fahamu, hapo MRI haina mpinzani, ila una chuma au betri ya moyo mwilini sema mapema jamani, ile sumaku haizimwi.