Jaketi ya kujipuliza ya 12,000: kwa mwamba, zii!

Niaje watu wangu, karibuni tena, leo nimekasirika mnivumilie. Hii hapa ni jaketi ya kujiokolea, zile za kujipuliza zenyewe, nilitaka ya kuvulia samaki juu ya mwamba, nimetoa elfu kumi na mbili hapa tao na hiyo ni baada ya kuomba mpaka sauti ikakauka. Niutoni 150, yaani nguvu ya kukuelesha majini, gesi gramu 33, turuke.

Mambo yako hapa pembeni. Ndani kuna kakidonge, kakilowa kanayeyuka, springi inafyatuka, sindano inatoboa kichupa cha gesi. Poa. Sasa chukulia uko Kilifi juu ya mwamba, ni wakati wa kusi, wimbi linapiga chini likurushie maji mpaka shingoni. Angalieni, namwaga kikombe cha kwanza... hamna kitu. Cha pili, hapa hapa kwa kidonge... ngoja... PUUU! Mmeona? Sijaanguka popote, niko kwa balkoni Umoja, na nimefura kama andazi! Mshipi wa kuvulia siwezi hata kuuona. Na hicho kichupa ni cha mara moja, kingine ni elfu tatu na kidonge chake. Kuna jamaa wa chaneli kubwa aliisifu hii hii, akiwa ameketi kwa kochi, kavu kabisa.

Halafu mwamba wetu wa pwani ni wembe, wimbi likikuburuza hapo tundu moja tu hewa yote imeenda. Ile jaketi nene ya sponji, isiyopulizwa, hata ikichanika bado inaelea, tena inakinga mbavu. Sawa, nisiionee hii, ukizimia inakugeuza uso juu, ya sponji ya niutoni 50 haikuhakikishii hivyo, kwa boti ningeivaa. Lakini yoyote utakayonunua angalia mkanda wa mapajani, bila huo inapanda inakuachia masikio.

Kule New South Wales, Australia, kuna sheria ya 2016, miamba iliyotangazwa hatari huvui bila jaketi, walianzia Randwick, pale Sydney. Sisi tunaenda na patipati, tena tumeipa bahari mgongo, na hatujakaa hata nusu saa kuangalia mawimbi yanavyokuja.

Tumebakisha watu mia mbili tufike elfu kumi, subskraibu bana, pesa ya sponji itoke hapo. Sasa kutoa hii hewa, unageuza kifuniko cha haka kapaipu ka kupulizia kwa mdomo unabonyeza... unabonyeza... aki imegoma, shika kamera kidogo.