Tathmini ya kozi ya mtandaoni kuhusu vyeo vya jeshi: somo la afisa mteule

Kozi hii ina sifa moja ambayo sijaikuta kwingine: haimchukulii afisa mteule (kwa Kiingereza, warrant officer) kama sajini aliyeongezewa alama begani. Somo lake bora linaeleza kwa subira jinsi jeshi la Uingereza linavyomweka kati ya askari wa kawaida na maafisa wenye kamisheni, yaani idhini ya uafisa itokayo kwa mkuu wa nchi. Mamlaka ya afisa mteule hutokana na hati ya uteuzi, hapigiwi saluti, na hata akiwa wa daraja la kwanza, lililo la juu zaidi, kicheo yuko chini ya luteni usu, afisa wa ngazi ya chini kabisa mwenye kamisheni, aliyehitimu chuo juzi, ingawa luteni mwenye busara hatoi amri nzito kabla ya kumsikiliza.

Mkufunzi anatenganisha cheo na wadhifa kwa ufasaha. Daraja la kwanza ni cheo; usajini meja wa kikosi ni wadhifa, na wadhifa huo ndio unaomkabidhi usimamizi wa nidhamu, gwaride na mwenendo wa askari, pamoja na nafasi ya kumweleza kamanda wa kikosi, faraghani, mambo ambayo maafisa vijana wangesita kuyatamka. Ningependa maelezo zaidi kuhusu kazi yake vitani, hasa kuhakikisha risasi zinawafikia walio mstari wa mbele, kwa kuwa hapo ndipo uzoefu wake huokoa maisha.

Kasoro kubwa ni sehemu ya Marekani, ambayo imenakili maelezo yaleyale ya Uingereza. Jeshi la nchi kavu la huko lina ngazi tano za afisa mteule, na kazi yake kuu ni utaalamu: wengi wa marubani wa helikopta ni wa kundi hili, na wengine husimamia mawasiliano au matengenezo ya mitambo. Wa ngazi ya kwanza huteuliwa kwa hati, ila kuanzia ya pili hupewa kamisheni, na askari wa vyeo vya chini humpigia saluti. Jaribio la mwisho linamkosesha alama mwanafunzi anayejibu hivyo, jambo lisilokubalika kwa huduma ya kulipia.

Sauti ni safi na michoro ya alama za vyeo inaonekana vizuri hata kwenye simu. Kwa anayejiandaa kujiunga na jeshi lenye mfumo wa Uingereza, naipendekeza bila kusita; anayetafuta mfumo wa Marekani asubiri sehemu hiyo iandikwe upya.