TAHADHARI: Nimepigwa Kariakoo mchana kweupe, "filta isiyo na sauti" ya tangi la samaki

Jamani, naandika hii nikiwa na hasira na aibu pamoja, maana ni mimi mwenyewe niliyewarushia picha ya boksi Jumamosi nikijisifu kwamba nimemshusha mtu kutoka 90,000 hadi 65,000. Mkanipongeza. Futeni pongezi zenu.

Kwa nini nilitaka filta ya kimya, hiyo mashine ya kusafisha maji ya tangi, mnajua: kelele za chumbani zilimchosha mume wangu, Baba Nuru, na maneno yake siku ile sirudii. Tangi liko palepale juu ya kabati la chumbani, la lita 40, na samaki ni walewale, gapi wadogo na yule beta mwekundu.

Sasa sikilizeni nilivyoingizwa mjini. Nafika kwenye ile fremu ya duka inakaribia saa sita. Kijana mstaarabu, kanzu safi, sauti ya chini. Hakuanza na bei. Aliuliza tangi la lita ngapi, samaki gani, liko sebuleni au chumbani. Nilipotaja beta akasema nisichukue filta yenye nguvu, beta hapendi maji yanayokwenda kasi, mapezi yatamchosha. Nikamwonyesha moja ya 120,000, akairudisha nyuma kabisa: "Hiyo ya matangi makubwa dada, utatupa pesa." Hebu niambieni, tapeli gani anakukataza kutoa pesa nyingi? Akanielekeza nisioshe sponji kwa maji ya bomba, nitumie maji ya tangi lenyewe, kwa sababu klorini inaua wale bakteria wanaosafisha mikojo ya samaki. Na hiyo ni kweli! Adhana ilipoita akaniambia, "Dada, niangalizie duka kidogo." Akaenda zake msikitini. Nimekaa kwenye kiti chake, droo ya pesa iko magotini mwangu, nawajibu wateja "mwenyewe anakuja". Mtu aliyekuachia duka lake utamshuku kwa lipi?

Aliporudi akachukua filta iliyokuwa mezani, akaitumbukiza kwenye ndoo ya rangi iliyojaa maji hadi ukingoni, akachomeka. "Weka sikio." Nikainama, ncha ya ushungi ikazama, nikaweka sikio hadi likagusa maji. Nje jenereta linaunguruma, wabeba mizigo wanapiga kelele "pisha, pisha", lakini ndani ya ndoo kimya. Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa raha! Akanipa kitambaa nijifute sikio.

Halafu akasema hivi, neno kwa neno: "Hii ya maonyesho imeshachakaa, wewe nakupa mpya ya kwenye boksi. Sili ukaikate nyumbani, nikikata mimi hapa waranti imekufa." Boksi likatoka chini ya meza. Akamalizia: "Siku mbili za kwanza ikiunguruma usishtuke, ni hewa inatoka."

Mnaona alivyoniziba mdomo mapema? Maana ni kweli filta mpya huwa na hewa ndani na hubwabwaja kidogo. Kwa hiyo usiku wa kwanza ilipoanza NGRRRRR kama mashine ya kusaga, kabati zima linatetemeka, vikombe vinagongana, mimi ndiye niliyekuwa namtuliza Baba Nuru: "Ni hewa tu, kesho inakwisha." Alichukua mto wake akahamia sebuleni. Usiku wa pili, saa nane, kikaja kimya. Nikasema alhamdulillah, hewa imetoka. Kumbe ndiyo imekata roho. Naamka na harufu ya plastiki iliyoungua, nikatia kidole kwenye maji, yamekuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Gapi wawili wanaelea, beta yuko juu kabisa anapiga pumzi.

Nikaichomoa, nikampelekea fundi wetu wa feni. Akaigeuza, akakuta kile kistika cha "220V" kimebandikwa juu ya kingine. Akakikwangua kwa kucha, chini yake kumeandikwa 120V, 60Hz. Akaniambia mama, huu mtumba wa Marekani, umeme wetu ni 230V, 50Hz. Ukiuchomeka hapa lazima uungurume, uchemke, mwisho uungue. Waya ulikatwa ukaungwa plagi ya kwetu, kile kiungo kimefungwa utepe mweusi. Utepe! Kwenye kitu cha kuzama majini, na Nuru kila siku anatumbukiza mkono amguse beta!

Nimempigia. Mara ya kwanza: "Umeiwekaje dada?" Mara ya pili: "Umeme wa kwenu mbovu, umeiunguza mwenyewe." Mara ya tatu kanibloku. Jumatano nimeenda mwenyewe, nimemkuta mwingine kabisa, eti fremu wamepanga juzi, huyo mtu hawamjui.

Huyu afungwe. Sio arudishe pesa tu, afungwe, na afungiwe akae usiku mzima na ile NGRRRR pembeni ya sikio. TBS wa viwango wapo, Tume ya Ushindani wapo, TRA wa kodi wapo, na kitu kama hiki kinauzwa mchana. Mtu anauza umeme wa kuua watoto halafu anatoka kwenda kuswali! Naenda polisi kesho, na boksi ninalo.

Dalili? Zilikuwepo, nilizipita mwenyewe. Nilipolipa kwa simu jina lililotokea ni la mwanamke, akasema mkewe. Risiti ya mashine hakutoa, "mtandao uko chini". Bei iliporomoka haraka mno, nami nikaona ni ujanja wangu. Plagi ilikuwa na skrubu mpya inayong'aa wakati filta yenyewe ina ukungu kwenye kona, niliiona nyumbani nikaipuuza. Na kubwa kuliko zote, ile niliyosikiliza siyo niliyobeba. Ukinunua, iliyoingia kwenye ndoo ndiyo iingie kwenye mfuko wako. Akikataa kukata sili, ondoka.

Kwa sasa nimerudi kwenye filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa, nimeikalisha juu ya kandambili kuukuu iliyokunjwa, mtetemo hauendi kwenye kabati, sauti ni kama ya friji ya jirani. Ila kama pampu yako iko chini kuliko maji, weka kile kivalvu cha kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanafuata mrija hadi kwenye pampu na sakafuni. Hilo nalo limeshanikuta, lakini ni habari ya siku nyingine.

Na wewe kijana wa kanzu, najua humu hukosi ndugu watakaokufikishia. Nataka 65,000 yangu. Namba ni ileile uliyoibloku.