Bolti za magurudumu ya Datsun 240Z: zipi ununue Nairobi

Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Ukibahatika kulimiliki, usilifungie bolti za kubahatisha. Nyuzi zikilika, au bolti ikizunguka ndani ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) pamoja na nati, badilisha zote 16.

Chaguo la kwanza ni bolti mpya za Nissan zenyewe, au za mtengenezaji anayejulikana zenye alama ya 10.9, yaani daraja la nguvu ya chuma chake. Utaagiza nje na utasubiri, lakini ukiweza, nunua hizi tu.

La pili ni bolti mpya za modeli nyingine za Nissan kutoka Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Hapa ndipo wengi hukosea. Muuzaji atakuuliza nyuzi: ni milimita 12 kwa 1.25, yaani unene wa bolti na umbali kati ya uzi mmoja na mwingine. Za Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5, na nati yake itaingia kidogo kwenye bolti yako kisha ikwame, usiilazimishe. Ila nyuzi kulingana hakutoshi. Pima kwa vernia (kipimo cha unene) yale meno yaliyo chini ya kichwa, yanayoishika habu. Yakiwa membamba hata kwa sehemu ya milimita, bolti itazunguka, na siku ya pancha utahitaji mtu wa kuikata. Yakiwa manene mno, yanaweza kupasua habu. Beba bolti ya zamani dukani, ulinganishe pia kichwa na urefu. Urefu ni muhimu kwa sababu rimu za alumini ni nene. Nati inapaswa kushika angalau milimita 12 za nyuzi, yaani karibu mizunguko kumi.

Za mtumba ni za kusogezea gari hadi garaji, basi.

Za mwisho, ambazo sikushauri kamwe, ni za kuchongwa. Mafundi wa Kariobangi wana mikono ya ajabu, na bolti yao itafanana kabisa na ya kiwandani. Tatizo ni chuma: cha kawaida hukatika kwa mvuto wa takriban megapaskali 400 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo), ilhali cha 10.9 hustahimili kama 1,000.

Fundi asukume bolti mpya kwenye habu kwa presi, si kwa nyundo. Nati zikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha zipimwe tena baada ya kilomita 100 hivi.