Mashine ya mkono ya kufungulia nati za tairi: nguvu inayo, mguu wake ndio ugomvi wangu

Wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo salamu fupi, maana hiki kidude hapa kimenikera, halafu kimenifurahisha, na mmekiulizia sana kwenye komenti. Ile mashine ya mkono ya kufungulia nati za tairi zilizogoma. Boksi la plastiki, mashine yenyewe, mpini, soketi. Picha mmeshaziona, tusonge mbele.

Ubavuni imeandikwa 1:58. Ndani kuna gia: unazungusha mpini mara 58, soketi inazunguka mara moja, lakini kwa nguvu ya kutisha. Hapo hawajatudanganya. Mtu hana haja ya kurukaruka juu ya spana.

Sasa ugomvi wangu ni huu mguu. Kamera sogea, sogea kabisa. Unauona huu mguu unaochomoza pembeni? Nguvu ya kufungua lazima iegemee mahali, la sivyo mashine nzima itazunguka na mkono wako. Kwa hiyo soketi unavalisha kwenye nati iliyogoma, mguu unaegemea nati ya jirani. Sawa. Hii ni Toyota IST, rimu ya spoti, nati zimezama kwenye vishimo. Angalia mguu umeishia wapi. Kwenye rimu! Nazungusha kidogo tu... mmesikia huo mkwaruzo? Hiyo rangi ndiyo inaondoka. Nikaweka kitambaa, kikachanika. Dawa yake ni hii: navalisha soketi nyingine ya milimita 21 kwenye nati ya jirani, inatokeza nje, mguu unapata pa kushika. Hapo imekaa, ona. Ila soketi hiyo ya pili haimo kwenye boksi, nimeitoa kwenye mfuko wangu wa vifaa. Jamani, kuongeza soketi moja kungewafilisi?

Na vidole weka mbali. Nati ikienda kushoto, mguu unakimbilia kulia, na ukikuta kidole katikati haupigi hodi.

Kuna jingine. Ukitumia spana ya kawaida mkono unasikia: nati inaachia, au stadi, ile bolti ambayo nati inajifunga juu yake, inaanza kujinyonga. Humu husikii chochote, mpini laini tu mpaka kitu kikatike. Stadi ya Toyota hizi ndogo ni ya milimita 12, na kiwandani nati inakazwa Newton-mita 103, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, peke yake anatoa kama 206. Ukiongeza gia za 58 juu ya mkono wako, stadi ya 12 itakatika mapema sana. Kwa hiyo kabla ya mashine: safisha kutu kwa brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu, iache iingie, gonga kichwa cha nati kwa nyundo, halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Gari iwe bado chini, handbreki juu. Ukishapiga jeki tairi linazunguka, utasukuma gari lianguke.

Nikaihamishia kwenye Canter ya jirani. Aisee, hapo nimenyamaza. Nati zimejitokeza nje, mguu unashika vizuri, zimelegea moja baada ya nyingine bila jasho. Ila ukiwa na lori la zamani la Kijapani, angalia ncha ya stadi za upande wa kushoto. Ukiona herufi L, hiyo inafunguka kwa kuelekea kulia. Wangapi wamezikata kwa kuzikaza wakidhani wanafungua!

Mtaniuliza kuhusu spana ya msalaba na bomba. Kwa gari dogo bado nachagua hiyo: soketi nzito ya pembe sita, mpini mrefu, bomba juu yake. Bei haifiki hata robo ya hii. Mashine ya betri nayo tamu, lakini ukiipata pancha Chalinze usiku na betri imelala, utajua hujui. Na nati ikishaliwa pembe zote, hakuna kati ya hivi kitakachokusaidia. Unahitaji ile soketi yenye meno ya kujikaza ndani. Video yake inakuja, pamoja na ile ya jeki niliyoahidi. Maikrofoni mpya imechelewa bandarini, mnivumilie na hii sauti.

Bei? Kariakoo nimeanzishiwa laki na themanini, nikaondoka kidogo, nikaitwa, tukamalizana laki na thelathini. Mwenye Fuso au Canter, chukua. Mwenye IST, Passo, Vitz, hela hiyo nunua spana ndefu, na chenji ijaze tairi la spea upepo, maana najua limelala. Haya, bonyezeni kengele, huyu jirani anapiga honi anataka Canter yake.