Maganda ya Chaza kwa Kuku wa Ching'wekwe: Yanafaa, Lakini Yapondwe Upya

Wafugaji wa Ching'wekwe, wale kuku wa kienyeji wenye umbo dogo wanaopatikana zaidi Morogoro na Tabora, hawafikiriwi sana na watengenezaji wa virutubisho, kwani karibu kila mfuko unaouzwa madukani umeandaliwa kwa ajili ya kuku wa kisasa wa mayai. Ndiyo maana nilinunua kwa mashaka kidogo maganda ya chaza yaliyopondwa, yanayouzwa kwa kupimwa katika duka moja la pembejeo mjini Morogoro, yachukue nafasi ya chokaa ya unga niliyozoea kuichanganya na pumba.

Mali yenyewe ni nzuri. Maganda ya chaza ni kalsiamu kaboneti karibu tupu, na takriban asilimia 38 ya uzito wake ni kalsiamu, kiasi kisichopishana sana na cha chokaa ya mifugo iliyo bora. Kinachoyatofautisha ni chenga. Ganda la yai hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku hali chochote. Unga hupita tumboni upesi, ilhali chenga hukaa katika firigisi zikiyeyuka kidogo kidogo, jambo linalompunguzia tetea haja ya kuchota kalsiamu kutoka mifupani mwake. Mayai ya matetea wangu wazee hayapasuki ovyo tena yakigongana kikapuni, na yale mayai tepetepe niliyokuwa nikiyaokota chini ya vichanja yamekuwa adimu.

Lawama yangu ni juu ya upondaji. Humo mna vipande vipana kama ukucha wa kidole gumba, ambavyo tetea wa kilo 1.2 huvidonoa, akavigeuza, kisha akaviacha. Inanilazimu kuvitwanga tena kinuni na kuvichekecha hadi nipate chenga za milimita 2 hadi 4, na vumbi linalobaki ni jingi mno kwa bidhaa inayouzwa kuwa imeshapondwa. Mfuko nao hauna lebo hata ya jina, hivyo mnunuzi mgeni angeweza kudhani ni changarawe za kusagia chakula, ambazo hazimpi kuku kalsiamu.

Nashauri yawekwe katika chombo chake, yasichanganywe na chakula. Yai la Ching'wekwe lina wastani wa gramu 37, na ganda ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito huo, kwa hiyo kipimo cha kuku wa kisasa humzidia. Akiachiwa chombo, tetea hujipimia mwenyewe, na mara nyingi utamwona akikiendea jioni kabla ya kupanda kichanjani. Vifaranga na majogoo hawana haja nayo. Chakula chenye kalsiamu ya takriban asilimia 1 kinawatosha, na ikizidi sana huharibu figo zao.

DCP (dikalsiamu fosfeti, kirutubisho cha madini cha mifugo) inayouzwa rafu hiyo hiyo ina fosforasi pia, kwa hiyo si mbadala wa moja kwa moja, na chokaa ya kupaka ukutani isikaribie banda kabisa, kwani huunguza. Maganda haya nitayanunua tena, ila safari ijayo nitaomba nioneshwe chenga kabla hazijawekwa kwenye mizani.