Sabufa za honi kwa muziki wa jukwaani: anza na ipi?

Kabla ya kuuliza ununue sabufa gani ya honi, yaani boksi la besi ambalo sauti ya spika hutokea kwenye njia inayopanuka kama tarumbeta, jiulize utanunua ngapi. Wimbi la besi ya Hz 40 lina urefu wa takriban mita 8.6, na honi inayotaka kulibeba vizuri inahitaji mdomo mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Hakuna boksi moja linalobebeka lenye mdomo huo. Lakini maboksi manne yakipangwa chini yakigusana, midomo yao hufanya kazi kama mmoja.

Somo hili nililipata uwanjani. Tuliweka honi mbili za kukunja (njia ya sauti imekunjwa ndani ya boksi), moja kila upande wa jukwaa, na besi ikawa kavu: inagonga kifua lakini haina kina. Tukashusha mbili zilizobaki kwenye gari, tukazipanga zote nne katikati mbele ya jukwaa. Wimbo uleule, na sasa turubai la juu lilikuwa linatetemeka.

Kwa hiyo, kama uwezo wako ni boksi moja au mawili, naweka ya kwanza honi ya tapu. Ndani yake spika imefungwa hivi kwamba upande mmoja wa koni (kile kikombe cha spika kinachotikisika) unasukuma karibu na koo la honi, penye wembamba, na upande wa pili karibu na mdomo, hakuna nguvu ya nyuma inayofungiwa bure. Aliyeipa umaarufu ni Tom Danley wa Marekani; TH118 ya kampuni yake, yenye spika moja ya inchi 18, ni mfano mzuri wa kuanzia kulinganisha. Inashuka chini sana kwa ukubwa wake, hata ikiwa peke yake. Kasoro yake iko kwenye masafa ya juu: ukiiachia ipande huko, sauti inakuwa na vilele na mabonde. Ikate kwenye Hz 80 au 90, masafa yaliyo juu ya hapo ziachie spika za juu.

Ukiwa na nafasi ya maboksi manne au zaidi, mpangilio unageuka, na honi ya kukunja inapanda juu. Hapa ndipo wati zako zinapofanya kazi kweli, maana boksi la kawaida, lenye tundu la hewa badala ya honi, hugeuza asilimia chache tu ya umeme kuwa sauti, na kundi la honi hugeuza mara kadhaa ya hapo. Martin Audio WSX ya inchi 18 ni ya aina hii. Fundi mwenye karakana anaweza kujijengea honi ya kukunja iitwayo LAB, yenye spika mbili za inchi 12, ambayo Danley huyohuyo aliichora ili watu wajitengenezee. Ni nzito, tafuta wabebaji. Kumbuka pia kwamba njia ya ndani ikiwa na urefu wa mita 2, besi inachelewa karibu milisekunde 6, hivyo spika za juu nazo zicheleweshwe.

Honi aina ya skupu naiweka ya tatu. Mbele koni inapiga moja kwa moja, nyuma inapitia honi. Kwa rege ina utamu wake, na wenye mitambo ya rege wa Uingereza wameipenda miaka mingi. Kwa bendi inayopiga kila kitu, sipendekezi.

Yoyote utakayochukua, weka kichujio cha kukata masafa ya chini ya uwezo wake. Chini ya hapo hewa ya ndani haiishiki koni tena, nayo inatupwa mbele na nyuma mpaka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) igonge chuma. Sabufa nyingi za honi zilizokufa zimekufa hivyo, mwenyewe akidhani amplifaya ni kubwa mno.

Ukinunua lililotumika, nenda na simu yenye programu ya kutoa mlio mmoja. Pandisha polepole kutoka Hz 30 hadi 100 kwa sauti ya wastani, huku ukipitisha vidole kwenye maungio ya mbao na pembeni mwa kifuniko cha spika. Penye ufa, hewa itakupuliza vidole, na mara nyingine utasikia kama mtu anayepumua kwa meno. Mwombe muuzaji afungue kifuniko uone mpira wa kuzibia na gundi. Akikataa, rudi na pesa yako.